Nilifuta mstari mmoja kwenye mwongozo wa maji, watu wakakataa kunywa

Wakuu, heshima zenu. Niko Bunia, Ituri, mashariki ya Kongo, na humu ndani miaka yote nimekuwa mtu wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaba na ofisini sina wa kumwambia. Sitatia chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitauita ujinga.

Kiswahili changu ni cha Bunia, nimekinyoosha kidogo kwa ajili yenu. Mnivumilie.

Nafanya kazi kwenye shirika dogo la maji. Mradi wetu wa kwanza ulikuwa hapa hapa mjini, kwenye chemchemi moja wanayochota watu waliokimbia vita kule Djugu. Kazi yenyewe ni rahisi. Mtu anasimama pale na bomba la sindano lisilo na ncha, kila bidoni, yaani dumu la maji, ikijaa anatia klorini kidogo. Unasubiri nusu saa, unakunywa.

Aliyekuwa anasimama pale ni Mama Zawadi, mama mnene mwenye sauti ya soko zima. Naye ni mkimbizi wa Djugu.

Kila asubuhi, kabla ya kuhudumia mtu, alikuwa anatia klorini kwenye bidoni yake mwenyewe. Anapiga stori nusu saa, halafu anajaza kopo, analiinua watu wote walione, anakunywa mpaka mwisho. Kisha anawaambia: "Nikianguka, mubebe bidoni zenu mukimbie!" Watu wanacheka, foleni inaanza.

Mimi nilikuwa naona ni maigizo tu. Tena yanachelewesha foleni.

Mradi ukafanikiwa kweli kweli. Kuhara kukapungua mtaani, nesi wa pale akawa anatusifu kila akituona. Wafadhili wakaja, wakapiga picha, wakapenda. Wakasema tupanue, twende kwenye saiti sita, yaani kambi za wakimbizi, nje ya mji.

Bosi akanipa kazi ya kuandika mwongozo, ili kila saiti ifanye kama Bunia. Nikaandika hatua zote nilizoziona kwa Mama Zawadi. Ile ya kunywa nikaiandika pia, kisha nikaifuta.

Kwa nini? Kopo lilikuwa moja, halioshwi vizuri, nikaona aibu mfadhili akisoma. Na nusu saa ya kupiga stori ningeielezaje kwenye mwongozo?

Hapa nieleze kitu kwa wasiojua huku kwetu. Ukimpa mtu kinywaji, wewe unaonja kwanza mbele yake. Tunaita kutoa sumu. Hata kama ni shemeji yako, hata kama ni soda ameiona ikifunguliwa, unapiga funda moja ndipo unampa. Nimelelewa hivyo, nafanya hivyo nyumbani kwangu kila mgeni akija. Na bado nilikaa mbele ya kompyuta nikafuta.

Tukaanza na saiti moja upande wa barabara ya Bambu. Siku ya uzinduzi kulikuwa na hotuba, kwaya, fulana mpya. Tukamweka kijana wa kutia klorini, msomi, ana diploma, anafuata mwongozo neno kwa neno. Na kopo lake halikuwa chafu, kwa sababu hakuwa nalo.

Wiki ya kwanza zikaja bidoni chache. Ya pili hakuna kitu.

Wiki ya tatu nesi wa saiti akapiga simu. Watoto wanaharisha, na mama zao wanachota mtoni chini, pale ng'ombe wanapopita.

Nikapanda pikipiki nikaenda nikiwa na hasira, nasema hawa watu hawasaidiki. Wakuu, ndivyo nilivyosema kabisa, peke yangu njiani.

Nilipofika nikaomba wakusanyike. Nikawaeleza vijidudu, nikawaeleza klorini, nikataja Bunia mara kumi. Jua kali, koo limekauka. Katikati ya maelezo nikatoa chupa yangu ya maji ya dukani, nikanywa, nikaendelea kuongea.

Mama mmoja akasimama. Baadaye nilijua anaitwa Mama Uzima, na kwamba Uzima wake, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amelazwa kwa nesi tangu jana yake.

Akasema taratibu, bila ukali: "Weye uko unatutilia dawa mu maji. Lakini ya kwako unatoka nayo Bunia. Iko nini mu ile maji yetu?"

Mnajua neno dawa. Ya hospitali ni dawa, na ya kumwangamiza mtu ni dawa. Watu hawa wamechomewa nyumba, wamezika ndugu zao, halafu anakuja mgeni na bomba la sindano anatia kitu kwenye maji ya watoto wao na yeye mwenyewe hagusi.



Mwingine akapiga kelele: "Kunywa! Kunywa siye tuone!"

Yule kijana wetu akakimbia kuleta kopo, akalijaza kutoka kwenye bidoni aliyoitia klorini asubuhi. Nikalipokea. Na hapa ndipo nilipopigwa na butwaa, kwa sababu mkono wangu ulisita. Mimi niliyeandika mwongozo, ninayejua vipimo vyote, niliyaangalia yale maji nikaogopa. Ilikuwa sekunde mbili tatu, lakini wote waliona.

Nikanywa. Nikamaliza kopo zima.

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyechota. Walikaa chini wakaniangalia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wanasubiri kuona kama nitakufa. Tulikaa hivyo mpaka saa saba mchana, mimi juu ya jiwe, wao wananitazama usoni, hata mimi nikaanza kujisikiliza tumbo.

Ndipo Mama Uzima akainuka, akaleta bidoni yake, akatiliwa, akaondoka nayo. Nyuma yake foleni ikaanza. Nikarudi Bunia nikiwa karibu kulia kwa furaha.

Siku mbili baadaye nesi akanipigia tena. Uzima amefariki.

Nilienda matangani. Nilikaa kwenye mkeka na wanaume. Wakati wa kuondoka nikaenda kumpa pole mama yake. Akanishika mkono, akaniambia: "Ile siku ya kwaya nilikuwa pale na bidoni. Nilikuwa nangojea tu mutu aonje."



Mwongozo nimeuandika upya na kunywa ndiyo hatua ya kwanza. Mtu wa kutia klorini sasa wanamchagua watu wa saiti wenyewe. Bosi amesoma, ameniuliza kama hatuwezi kuweka bango lenye picha badala yake, maana saiti ni nyingi na nusu saa ni ndefu. Nikamwachia mwongozo mezani jinsi ulivyo, nikatoka.

Nilichojifunza ni kwamba tulibeba klorini na bomba la sindano tukaenda navyo mbali, kilichokuwa kinafanya kazi tukakiacha chemchemini kwa Mama Zawadi. Na aliyekiacha hakuwa mzungu asiyejua mila. Nilikuwa mimi, mtoto wa hapa.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye miradi, semeni ukweli: mlifuta nini kwa sababu kilionekana cha kijinga kwenye karatasi? Andikeni hapa chini, nitasoma yote. Mwenye matusi naye alete. Ila anayetaka kuniambia halikuwa kosa langu, huyo naomba apite.