Fulana ya Ndege Mwekundu

Baba alikuwa karani kwenye yadi ya makontena Kurasini. Fulana yake nyeusi alipewa na baharia mmoja, pamoja na kaseti. Kifuani ilikuwa na ndege mwekundu aliyepanua mdomo, na juu ya ndege jina la bendi ya Wazungu, bendi kubwa ya magitaa inayojulikana dunia nzima isipokuwa mtaa wetu wa Temeke. Kila Jumapili tukitoka kanisani baba alivua shati, akavaa fulana yake na kuweka kaseti.

"Baba watoto, hao wanaimba au wanagombea masufuria?" mama alikuwa akimuuliza.

Jirani naye alidakia kutoka upande wa pili wa ukuta: "Mzee, leo nani kafumaniwa huko?"

Baba alicheka tu, akaongeza sauti. Fulana ilipochanika kwapani, mama aliishona kwa uzi wa bluu kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha.

Mama alifariki, na baba akamfuata baada ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ni fundi vigae Tegeta, alikuwa na miaka kumi. Wa mwisho, wa kike, alikuwa na miwili.

Siku ya arobaini ya baba ukoo ulikaa sebuleni kugawa nguo zake, kama ilivyo desturi kwetu. Kila nguo iliinuliwa ionekane na wote, kisha ikapewa mtu. Ilipoinuliwa ile fulana, shangazi akasema, "Hiyo ni nguo ya mashetani. Ichomwe."

"Ya nini kuichoma?" akasema baba mkubwa. "Nipeni mimi, nitaivaa nikiosha gari."

Nilitaka kusema ibaki kwetu. Lakini wakubwa wakigawa nguo, mtoto wa marehemu haombi, anapewa. Nilipewa mkanda.

Sikurudi shule. Niliingia sokoni kuuza mitumba, na hadi leo niko hapo hapo. Mdogo wangu wa mwisho alipofika miaka minane akaanza kuuliza baba alimwachia nini. Tulikuwa na picha moja tu ya baba, na ndani ya picha hiyo amevaa fulana ya ndege. "Nataka hii," akawa anasema, akimgusa ndege kwa kidole. Kila jioni, hii, hii.

Nikaenda Ukonga kwa baba mkubwa. Mama mkubwa alinipokea vizuri, akanimiminia chai, nikamweleza shida yangu.

"Ile nyeusi? Mwanangu, mbona nilishaifanya dekio siku nyingi."

Ilikuwa mlangoni pa jiko, imelowa. Niliuona mdomo wa ndege. Nikasema, "Haya mama, asante kwa chai," nikaondoka.

Haukupita muda, tulipofungua belo la fulana nikamwona ndege yule yule. Bendi kubwa hazifi. Nguo zake huja na kila meli. Nilimnyang'anya mwenzangu ile fulana mkononi kabla hajaipangia bei. Nyumbani niliifua kwa sabuni kali na kuianika juani hadi ikapauka. Nikaichana kwapani, nikaishona kwa uzi wa bluu. Halafu nikampa mdogo wangu na kumwambia, "Hii hapa ya baba." Alilala nayo.

Mgongoni ilikuwa na orodha ndefu ya miji na tarakimu. Ya baba mgongoni ilikuwa tupu, nililijua hilo, lakini mtoto hakulijua. Sikuisoma ile orodha. Sisi wa mitumba hutazama kola, kwapa na pindo. Ukianza kusoma kila fulana hutauza.

Alikua nayo. Kwanza ilimfika magotini, baadaye ikamkaa sawasawa. Akazitafuta nyimbo zile kwenye simu yangu, akazijua zote, akawa anaziimba akiosha vyombo. Vijana wa singeli wa mtaani kwetu nao siku hizi wanavaa ndege huyo huyo, na akipita wanamtania, "Sista, umetuigia!" Naye huwajibu, "Nyie mmenunua. Mie nimerithi."

Mwaka huu mwimbaji wa bendi ile alifariki. Wateja walianza kuja mezani kwangu kuulizia fulana za ndege, hata watu ambao hawajawahi kusikia wimbo wao mmoja. Mdogo wangu, ambaye sasa yuko kidato cha nne, alipiga picha fulana yake mbele na nyuma, akaiweka mtandaoni na kuandika: "Ya marehemu baba yangu."

Watu walimpa pole. Kisha mmoja akaandika: "Sista, hiyo ni ya ziara yao ya mwisho, soma mwaka mgongoni. Wewe mzee wako alifariki lini?" Akamjibu kweli, maana hakuwa na wasiwasi. Mwingine akadakia: "Kwa hiyo mzee aliinunua akiwa kaburini?" Wakacheka wengi.

Alikuja sokoni na sare za shule, akaiweka fulana juu ya meza yangu.

"Dada, huu uzi wa bluu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na ya baba iko wapi?"

Nikamwambia. Sikuwa na uongo mwingine, na hata ningekuwa nao nisingeuweza. Nilipofika kwenye dekio alitazama chini. Nilitaka kumwambia kwamba kushona kule kulinitoa machozi, kwamba mama alishona hivyo hivyo.

Mteja mmoja akainyoosha ile fulana. "Hii bei gani?"

"Haiuzwi, ina mwenyewe," nikasema.

"Si iko mezani?"

Nilimtazama mdogo wangu aseme ni yake. Alichukua begi lake, akaondoka.

Jioni niliirudisha nyumbani, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Haivai, wala hajasema niiondoe. Shikamoo ananipa kila asubuhi, na chakula changu anakula. Ila haimbi tena akiosha vyombo. Ameazima visikilizio kwa mwenzake, anavitia masikioni, na mimi nikikaa pembeni yake siwezi kujua kama anawasikiliza wale wa baba, au wengine, au hasikilizi kitu.