Mvua ya Kuosha Bati

Wageni wanaofika Newala siku hizi huanzia Boma la zamani, wakapiga picha kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana lote, kisha wakarudi mtaa wa maduka ya zamani kunywa chai kwa Severina. Chai yenyewe ni ya kawaida. Wanachofuata ni maji: maji ya mvua, kutoka kisima kilichochimbwa chini ya ua na babu wa Mzee Bwanali, mwenye nyumba wake, enzi ambazo maji ya kunywa yalipandishwa kutoka bondeni kichwani.

Severina aliingia kupanga nyumba hiyo akiwa bibi harusi kutoka kijiji cha Mkunya. Kwa miaka thelathini na moja amekitunza kisima kwa sharti moja: mvua ya kwanza ya msimu haiingii. Hiyo ni ya kuosha bati, iondoe vumbi la kiangazi, majani na mavi ya ndege. Kabla haijanyesha, mfereji wa ukingoni mwa paa hugeuzwa umwage barabarani. Ukikosea mara moja, mwaka mzima unakaa na kisima kichafu.

Mwaka huu mtaa ulipakwa rangi kwa ajili ya wageni. Bati la Severina lilipakwa jekundu Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Asubuhi hiyohiyo yeye alikuwa ameitwa Mkunya kwenye msiba wa shangazi yake. Hakuwa na wasiwasi; mfereji alishaugeuza tangu Jumapili.

Walikuwa wakitoka makaburini Mzee Bwanali alipompigia simu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Huruma. Mafundi wa rangi wameondoka. Wameona mfereji umepinda, wakaunyoosha na kuupigilia misumari. Unaingia kisimani! Na mimi kupanda siwezi."

Severina aliangalia upande wa Newala. Wingu lilikuwa jeusi kama tako la chungu.

"Ita mtu yeyote, Mzee!"

"Mtaa mzima uko mashambani. Labda..."

Simu ikakatika. Alipanda bodaboda bila kuuliza nauli. Mvua iliwakuta njiani, na alipoingia mtaani maji mekundu yalikuwa yakitiririka barabarani. Alijua rangi haikuwa imekauka. Na kisimani yameingia yaleyale; kisima kimekwisha, alijiambia.

Halafu akamwona Grace. Huyo ndiye muuza chapati wa upande wa pili, mwanamke ambaye haipiti siku hawajarushiana maneno juu ya wateja. Alikuwa amesimama juu ya stuli, ameushikilia mfereji kwa mikono miwili, mdomo wa mfereji ukielekea barabarani. Gauni lake lilikuwa jekundu kuanzia mabegani.

"Umechelewa, Mama Huruma. Mikono imekufa ganzi."

"Mama Alfredi! Umeanza saa ngapi?"

"Tangu tone la kwanza. Mzee alipiga kelele kama anaibiwa. Misumari nimeing'oa, lakini nikiachia tu, unarudi kisimani."

"Na unavyonichukia!"

"Nakuchukia sana. Ila ukikosa maji, wageni wataishia Shimo la Mungu. Chapati nitamuuzia nani? Panda, acha kushangaa."

Severina alisogeza kreti la soda, akapanda, akashika upande wa pili. Walisimama hivyo hadi mvua ilipokatika.

Mvua ya pili nayo aliiacha ipite, kwa sababu ya rangi. Ya tatu ilinyesha Jumanne, na maji yakaingia kisimani meupe kabisa. Birika la kwanza halikuenda kwa mgeni. Severina alilivusha barabara mwenyewe, pamoja na vikombe vyake vya sikukuu, akammiminia Grace kwa mikono miwili.

Grace alikunywa, akafumba macho kidogo.

"Maji ni maji kweli," alisema. "Sukari ndiyo umeibania."

Tangu siku hiyo, mgeni akikaa kwa Severina huambiwa kabla hajauliza: chapati ziko ng'ambo, kwa Mama Alfredi.