Uwanja wa Restuta

Restuta anatunza wazee wa watu hapa Barking, ughaibuni, mwaka wa kumi na sita huu, na kwake hapajawahi kuwa pachafu. Julai iliyopita alipokea barua mbili siku moja. Kampuni ya maji ilisema ni marufuku kumwagilia bustani kwa mpira, maana kuna ukame. Kamati ya wenye nyumba ilisema nyasi za mbele lazima ziwe kijani, la sivyo atachukuliwa hatua.

“Sasa nizipake rangi?” alifoka.

Wiki mbili alibeba maji yaliyokwisha kuoshea vyombo kwa ndoo, akitoka zamu miguu imemvimba. Nyasi zikafa vilevile. Jumamosi akafanya kama mama yake kule Muleba: akazing’oa zote, akafagia udongo mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Kwao, nyasi mlangoni ni uvivu, tena zinakaribisha nyoka.

Jumatatu mwenyekiti wa kamati, Bwana Whitcombe, akaja kupiga picha.

“Umeharibu mandhari,” alisema. “Nataka nyasi hapa kabla ya mwisho wa mwezi.”

Restuta akamkabidhi ndoo.

“Shika, baba. Bomba liko jikoni.”