Yona Alikuwa Ameshatoa Mguu

Usiniambie nilikuwa nimekunywa. Pombe mimi siijui, na jua lilikuwa bado halijazama. Haya yamenikuta mwenyewe, fundi magari wa Miyuji, kwenye barabara ya Hombolo nikienda kumwona mama yangu. Ukitaka kucheka, cheka umalize, ndipo nikusimulie.

Mdogo wangu Yona alikuwa na gari dogo lenye turbo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuishindilia injini hewa. Ukitoa mguu kwenye mafuta, feni inalegea, na ukikanyaga tena gari linasitasita kwanza. Vijana wa sasa wataweza wapi kusubiri? Basi wana kitu wanakiita antilagi. Umetoa mguu, lakini hewa na petroli vinaendelea kuingia, cheche inacheleweshwa, na moto unawakia kwenye bomba la ekzosi ili ile feni isipumzike. Ndiyo hiyo pa-pa-pa mnayoishangilia barabarani.

Nilimkatalia Yona. Nilimwambia itakula turbo, na kibaya zaidi, breki husaidiwa na injini inapovuta hewa mguu ukiwa juu. Njia ya hewa ikibaki wazi, msaada huo unapotea na pedali inakuwa ngumu. Wenzake wa kikundi chao cha magari wakamfungia hiyo antilagi wenyewe. Wakamwambia kaka yako mshamba.

Huko Ihumwa ng'ombe wakavuka barabara. Yona akatoa mguu, gari likaendelea kusukuma, breki ikagoma. Tukamzika Hombolo, nyuma ya shamba la zabibu la mama.

Sasa sikia walichofanya hao marafiki. Mchungaji hajamaliza hata sala, wakapanga magari yao na kuanza kuyapigisha ile milio, eti wanamuaga. Mama akaziba masikio kwa kanga. Tukadhani yameisha. Wapi. Kila Jumapili wanakuja kaburini, pa-pa-pa, wanapiga video, wanaondoka. Hata shikamoo hawampi mama.

Jumapili moja, nikienda kwa mama, nilipishana nao njiani wakirudi mjini. Mbele kidogo nikamkuta kijana anatembea peke yake, kofia kaishusha usoni. Nikasimama, akapanda.

"Unaelekea wapi, dogo?"

"Nyumbani."

Harufu ya petroli iliyoungua ikajaa ndani ya gari, nikafikiri ni gari langu. Kisha nikaona mguu wake wa kulia. Alikuwa ameuinua, haugusi sakafu, unatetemeka kwa kuchoka. Niamini, tulipita makorongo yote ya njia ile na hakuushusha hata mara moja.

"Mguu unakuuma?"

"Hauumi, kaka. Nimeutoa." Sauti ile naijua tangu inajifunza kusema. "Nilishautoa siku nyingi. Mbona bado inawaka?"

Nilikanyaga breki pale pale, karibu na kaburi. Mlango haukufunguka, na kiti kilikuwa kitupu. Nikakigusa kama mjinga, kikaniunguza kiganja.

Mama nilimkuta ameketi nje. Nikamweleza yote. Hakushangaa, wala hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Sasa atapumzika lini?"

Kesho yake nikamfuata mwenyekiti wa kile kikundi. Nikamwomba, ndiyo, nilimwomba mtu yule, wasije tena. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa pole. "Lakini bro, Yona mwenyewe alipenda hii milio. Tunamuenzi." Jumapili iliyofuata wakaja wengi zaidi, picha yake wameibandika kwenye boneti.

Kovu la kiganja ninalo, njoo uone. Gari lenye turbo siligusi tena, hata uje nalo na machozi. Nikisikia ile milio, mguu wangu wa kulia unainuka wenyewe, hata nikiwa nimelala, na hauteremki mpaka wanyamaze.

Nawe unayenisikiliza, ukimzika rafiki yako, zima gari. Kama unamlilia, lia kwa mdomo wako mwenyewe. Usimwashie moto mtu aliyekwisha kutoa mguu, halafu ukauita moto huo mapenzi.

Leo ni Jumamosi. Mama ameshatoa kanga yake sandukuni, ya kuzibia masikio kesho.