Pindo la Kitenge cha Mama

Usumani Nizeyimana, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, hampimi mteja mara mbili. Mwanamke aliyemshonea gauni miaka mitatu iliyopita akipita kichochoroni, humtupia jicho tu na kusema, "Umenenepa, mama. Safari hii tutaongeza kiunoni." Wateja hucheka. Mara nyingi hakosei.

Dada yake hacheki. Mwamini Mukantwari anakaanga sambusa ng'ambo ya kichochoro, na maneno yake hayachagui msikilizaji. "Viuno vya wake za watu unavikumbuka," humwambia. "Mama aliyekuzaa humkumbuki."

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watoto hao wawili walijificha darini, juu ya duka la vitambaa la marehemu baba yao. Mwamini alikuwa na miaka kumi na miwili, Usumani kumi na mmoja. Mama yao alibaki chini, akachukuliwa mlangoni. Walichungulia kwenye ufa mmoja wa mbao. Mwamini amebaki na kila kitu: sauti, harufu ya mafuta ya taa, namna mama alivyokataa kutazama juu. Usumani amebaki na habari, kama mtu aliyesimuliwa.

Kila Aprili, mtaa unapokutana kukumbuka, Mwamini ndiye hutoa ushuhuda. Akirudi nyumbani hulala wiki nzima, hali chakula, na kila mlango ukigongwa hushtuka. Mwaka huu alivuka kichochoro akasimama mbele ya cherehani.

"Nimechoka. Safari hii utasema wewe."

"Niseme nini, dada? Nitunge?"

"Ukikaa kimya, nitasema mimi, niugue tena. Ila baada ya hapo usiniite dada."

Ndipo Usumani alipofikiria mate. Mwaka uliopita watafiti walikuja katika ukumbi mmoja wa Kimisagara, wakawahoji manusura na kuchukua mate yao katika vichupa. Yeye na Mwamini walitoa. Alifunga kibanda, akapanda basi hadi Remera, ofisini kwa Scovia, mtafiti aliyekulia Uganda, ambaye ndiye aliyekuwa akikusanya vichupa vile.

"Daktari, mate yetu mlichukua. Mimi nataka karatasi yenye mhuri."

"Ya nini, mzee wangu?"

"Nimwonyeshe dada kwamba moyo wangu uko sawa. Ni kichwa tu hakikushika."

Scovia alimweleza bila haraka. Mtu anaposhtuka, ubongo humwaga kemikali inayosaidia kulikaza tukio katika kumbukumbu. Ipo jeni inayohusika na kazi hiyo, na watu hawafanani katika jeni hiyo. Tafiti kadhaa zimeona kwamba wenye tofauti fulani ndogo huelekea kukumbuka mambo ya uchungu au ya furaha kwa nguvu zaidi kuliko wengine. Katika mambo ya kawaida, kama vipimo vya nguo, hawawazidi. Hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Usumani alipiga meza kwa kiganja. "Basi! Dada anayo, mimi sina. Piga mhuri."

"Siwezi. Hayo huonekana watu wengi wakiwekwa pamoja. Kwa mtu mmoja kuna mengi mengine: umri, alichokiona, maisha yaliyofuata. Na vichupa vyenu havina majina."

"Asiyekumbuka, ina maana hakuumia?"

"Hakuna utafiti unaosema hivyo."

Alirudi mikono mitupu, akamweleza Mwamini yote, pamoja na mhuri alionyimwa. Mwamini aliendelea kukunja sambusa.

"Umeenda hadi Remera kutafuta kisingizio, na hicho nacho umekikosa. Utasema, hutasema?"

"Nitasema nilichonacho."

Alasiri ya mkutano, chini ya hema la mtaa, Usumani alisimama. Mwamini alikaa benchi la mbele, mikono mapajani.

"Nilikuwa darini na dada yangu," alisema. "Aliyoyaona yeye yalipita mbele ya macho yangu pia. Nimeyatafuta, siyapati. Nina kitu kimoja. Mama alikuwa amevaa kitenge cha bluu, na pindo lake lilikuwa limefumuka upande wa kushoto. Niliwaza kwamba akirudi nitalishona."

"Kilikuwa kijani," Mwamini alisema kutoka benchini.

"Kijani," Usumani alikubali. "Na pindo?"

"Pindo mimi sikuliona."

Aliinuka, akaenda kusimama kando ya mdogo wake, akaendelea kuanzia pale. Ulikuwa ushuhuda mfupi kuliko wa miaka mingine. Aliposhindwa, Usumani alimshika kiwiko, na watu wakangoja.

Siku iliyofuata Mwamini alilala, na nyingine pia. Kabla wiki haijaisha moshi wa kikaango ulionekana tena, na kichochoro kizima kikamsikia.

"We Usumani! Bluu na kijani huvijui, halafu watu wanakuachia vitambaa vyao?"

"Nivumilie, dada," fundi alijibu, bila kuinua mguu kwenye cherehani.