Alivyojikondesha kwa Ajili ya Mdogo Wake

Mtaani kwao hakuna aliyemjua kwa jina la kuzaliwa. Alikuwa Mama Pazia, kwa kuwa nusu ya madirisha ya mtaa ule yalivaa kazi ya mikono yake. Alikuwa mnene tangu utotoni, mnene wa kujaa kiti, na wala hakuona taabu. Wateja walipomtania, aliwajibu kwamba fundi mwembamba ndiye wa kuogopwa, hujui kitambaa chako amekificha wapi. Akicheka, pini alizochomeka kifuani zilitikisika zote kwa pamoja.

Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyerudi kuishi naye baada ya ndoa yake kuvunjika. Figo za mdogo wake zilipogoma kufanya kazi, Mama Pazia ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kusafishwa damu, akimsubiri kwenye benchi la ukumbini huku akipindia mapazia ya watu mapajani.

Walipompima yeye, ikaonekana figo yake ingemfaa mdogo wake. Akafurahi kama aliyeitwa harusini. "Basi chukueni hata kesho," akasema.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akatikisa kichwa. "Figo zako ni nzima, mama. Lakini kwa uzito huu na presha hii, nikikulaza mezani naweza kuwapoteza wote wawili. Punguza kwanza, ndipo tuzungumze."

"Nipunguze kiasi gani?"

Daktari akamtajia. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, mdogo wake akapiga hesabu. "Dada, hizo kilo ni mtoto mzima wa darasa langu. Na mkoba wake mgongoni."

Wakashikana mikono pale njiani, wakacheka mpaka wakatokwa machozi.

Kwanza alijaribu kujinyima chakula, akaishia kuangukia cherehani. Akajaribu kukimbia alfajiri, magoti yakamkatalia. Ndipo mteja wake mmoja, mzee fundi wa kufuli, akamweleza habari za ukumbi ulio nyuma ya posta, ambako watu wazima hukutana jioni kucheza vinyoya, mchezo ule wa raketi nyepesi na kinyoya kinachopigwa juu ya wavu. Mzee huyo wenzake walimwita Kocha, ingawa hakuna aliyekumbuka nani alimteua.

"Hatushindanii kitu," alisema Kocha. "Tunatoa jasho na kupiga soga. Soga ndiyo nyingi."

Jioni ya kwanza raketi ya Mama Pazia ilipiga hewa tupu, kinyoya kikamtua utosini, kikakaa. Mdogo wake, aliyeletewa kiti cha plastiki kando ya uwanja, alijifunika shali yake akakunja gazeti likawa kipaza sauti. "Wasikilizaji, Mama Pazia anarudi nyuma, anainua mkono, anajipanga vizuri... amekosaaa! Kinyoya kimeamua kupumzika kichwani kwake!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Pazia akaona aibu, kisha akaona sura ya mdogo wake, iliyokuwa imevimba na kupauka kwa miezi, inang'aa kwa furaha. Akasema moyoni, hata nikikosa mpaka kiama, nitakuja.

Akaja. Akajifunza kusogea kabla kinyoya hakijaanza kushuka, na kukisukuma taratibu kikaanguka karibu na wavu, hila ambayo Kocha aliiita uchokozi wa kistaarabu. Nyumbani aliachana na soda, na pia tabia ya kula huku anashona. Mwili ukaanza kumtoka polepole. Magauni yakampwaya, na yeye fundi hakuyapunguza. "Nitayashona yote siku tukitoka hospitali," alimwambia mdogo wake. "Sasa hivi nisijihesabie ushindi."

Usiku mmoja, taa zilipozimwa, mdogo wake alimwuliza kitandani, "Dada, huogopi kisu?"

"Naogopa sana."

"Basi acha."

"Nikuachie wewe uogope peke yako? Lala."

Miezi ikapita. Asubuhi moja alipopanda tena kwenye mizani ya hospitali, muuguzi akasogeza kipimo, akasogeza tena, kisha akamwangalia kwa tabasamu. Alikuwa amefikia uzito uliotakiwa. Presha nayo ilikuwa ya msichana. Lakini mdogo wake hakuwapo kushangilia. Alikuwa ghorofa ya juu, chumba cha wagonjwa mahututi, tangu usiku wa kuamkia jana. Homa ilimshika ghafla. Maambukizi yalikuwa yamepitia kwenye mpira wa kusafishia damu.

Daktari alimkuta Mama Pazia amesimama mlangoni mwa chumba kile, ameshika viatu mkononi, amesahau kuvivaa baada ya mizani.

"Daktari, niko tayari. Wamenipima sasa hivi. Waulize."

Daktari akamshika bega. "Wewe uko tayari, mama. Yeye ndiye hayuko tayari tena. Mwili wake kwa sasa hauwezi kupokea kitu."

"Tungoje basi. Mimi nangoja."

Wakangoja. Mdogo wake alifariki kabla wiki haijaisha, mchana, watu wakipita na vyombo vya chakula ukumbini.

Msiba ulipokwisha, ndipo yalipoanza yale ambayo Mama Pazia hakuyatarajia. Watu walimsifu. Sokoni, dukani, mlangoni mwa karakana yake. "Jamani, umependeza!" "Umerudi usichana!" "Hebu tupe siri yako na sisi." Waliosema hawakuwa wabaya, wengi hawakujua. Alijibu asante, akaingia ndani, akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga pedeli.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa mzima. Siku moja alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kutundika mapazia ya mteja, na alipofika juu akagundua kuwa hahemi. Magoti hayakulia. Moyo ulikuwa unapiga taratibu. Akajiona kama mtu aliyekula chakula alichowekewa mgonjwa. Alikaa kwenye ngazi ya juu, mapazia yamemlalia mapajani, akalia mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kulikoni.

Alianza kula tena, bila njaa, akitaka ule mwili wake wa zamani urudi kumfunika. Soda zikarudi juu ya cherehani. Kocha akaja kwenye karakana, akasimama akitazama vitambaa kwa muda mrefu.

"Unataka pazia, Kocha?"

"Nilipanga kusema hivyo. Uongo umenishinda." Akavuta kiti. "Pale ukumbini hatujui tukutendeje. Wengine wanasema tukuache, wengine wanasema tuje wote. Nimekuja mimi."

"Nikicheza nitamchezea nani? Nilikuwa namchezea yeye."

"Najua," alisema Kocha. Alikaa naye mpaka Mama Pazia alipomaliza kupindia pazia la mlango, kisha akaaga.

Mama Pazia alirudi ukumbini mwezi uliofuata, bila kumwambia mtu. Walimkabidhi raketi kana kwamba alitoka jana. Upande wa pili wa wavu alikuwapo mgeni, muuza viatu mmoja mnene, anahema baada ya kila pigo. Walipopumzika, yule mgeni akamwuliza kwa hamu, "Dada, wameniambia ulikuwa bonge kuliko mimi. Ulifanyaje?"

Mama Pazia akafungua mdomo kusema asante, kama alivyozoea, kisha akaghairi.

"Nilikuwa nataka kumpa mdogo wangu figo," akasema. "Walisema nipungue kwanza. Nikapungua. Akafariki."

Muuza viatu aliweka raketi chini. Hakusema pole, wala hakumgusa. Akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Mama Pazia alifuta jasho usoni kwa ncha ya gauni lililompwaya, akavuta pumzi, akaanza kusimulia.