Trepie ya Kupigia Picha ya Kaku

Bado ninaiona Jumamosi ile, mwanangu, jua la Likasi limelala juu ya vumbi la soko la Kikula kama paka aliyeshiba. Umeniandikia kwamba umepata kamera kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kitambaa cheusi na kupiga karatasi moja moja ya filamu, na kwamba umeona trepie, ile miguu mitatu ya kuisimamishia, nyepesi na ya bei nzuri. Ngoja kwanza, usitoe pesa.

Katika ujana wangu nilifanya kazi kwa Papa Modeste, mpiga picha wa mtaani kwetu. Trepie yake ilikuwa imevunjika mguu, na kesho yake, baada ya misa, kaku wangu, mama yake baba, angefika kutoka Kapolowe kupigwa picha ya kwanza ya maisha yake. Filamu ilibaki karatasi moja. Nyingine zingetoka Ulaya, na Ulaya haikuwa na haraka nasi. Tukaenda kwa Shabani, muuza vitu vya mitumba.

Nikachagua mimi: ya aluminiamu, inang'aa, nyepesi kama mwavuli, na katikati ina mti wa kupandishwa kwa kuzungusha. Nikaikagua, nikaikagua tena, nikabishana bei hadi Shabani akaapa kwamba watoto wake watalala njaa. Watoto wake niliwajua. Walikuwa wanene.

Papa Modeste akaomba bakuli la maji, akaliweka juu ya trepie ile, akaugonga mguu mmoja kwa ukucha, akainama kutazama.

"Papa, umekuja kununua ao umekuja kuteka mayi?" Shabani akamwuliza.

"Niko naangalia kama inajua kunyamaza."

Haikujua. Maji yalitetemeka na kutetemeka, na lori la mawe ya mgodi lilipopita yakaanza upya, duara ndani ya duara, mpaka nikaanza kusinzia nikiwa nimesimama. Ndipo Papa akavuta trepie nyingine kutoka nyuma ya matairi: ya mbao, ya wapima ardhi wa mgodini, imechubuka rangi, ina ncha za chuma miguuni. Akahamishia bakuli juu yake, akagonga. Maji yakashtuka kidogo, yakatulia. Akafunga juu yake kichwa cha trepie yetu iliyovunjika, kile kinachoshika kamera, akaweka kamera tuliyokuja nayo, akaiinamisha mbele, akakaza, akaachia mikono. Kamera haikushuka hata kidogo.

"Iyi ni nzito, Papa," nikanung'unika. "Nani atabeba?"

"Weye."

"Na sura yake ni mbaya."

"Kwani ni yeye tunapiga foto?"

Shabani alicheka hadi akasahau kupandisha bei.

Jumapili Kaku akaketi barazani, kivulini. Kwa mwanga mdogo namna ile lenzi huachwa wazi muda mrefu, na sisi tuliupima kwa Salamu Maria moja, polepole. Chini ya kitambaa cheusi nilimwona kichwa chini, anaelea kwenye kioo, miguu yake juu mawinguni, kitenge chake kikiwaka kama kitu kilichoota jua. Tukapachika filamu. Papa akavua kifuniko cha lenzi. Tulianza sala, Kaku naye akisali moyoni, na katikati yake lori likapita nyuma ya nyumba. Madirisha yakalia. Nilibana pumzi. Kaku hakupepesa; kama miguu ile mitatu nayo ilitulia, sikujua.

Jumatatu asubuhi, kabla gari la Kapolowe halijaondoka, tulimpa picha. Kila uzi wa kitenge ulionekana, na zile chale ndogo za usichana kwenye paji lake. Alizifuata kwa kidole.

"Uyu ni mama yangu," akasema. "Nilikuwa nimesahau sura yake."

Mama yake hakuwahi kupigwa picha; alikuwa akimwona katika uso wake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, tafuta ya mbao, kwa maana mbao humeza mtikisiko na bomba jembamba la aluminiamu huuimba. Ifikie macho yako bila mti wa katikati kupandishwa, maana huo ukipanda kamera hucheza. Nenda na kamera yenyewe, uiinamishe mbele ya muuzaji, umwache anune. Bei bishana, ni haki yako. Uzito usiombe upunguzwe.

Mungu akupe mgongo wa kubeba, na unaowapenda awaache wakae mbele yako, wametulia, hadi mwanga uwafikie.